Kabla ya mashine ya vidonda, tupeni kitambaa kisichonata

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu vijana wa vyuo wanaobuni vifaa vya kusafisha na kuponya vidonda ilinifurahisha sana. Mimi ni muuguzi wa chumba cha vidonda katika kituo cha afya cha daraja la nne hapa Busia, upande wa Uganda. Kiswahili nilikulia nacho katika kambi ya polisi, baba akiwa askari, na ndicho ninachotumia kutwa nzima na madereva wa malori, wachuuzi wa mpakani na watu wa boda wanaoletwa kwangu. Magazeti huandika habari za wodi ya wazazi, chanjo na vyumba vya upasuaji. Chumba cha vidonda kiko mwisho wa baraza, kina harufu yake, na mgeni wa heshima akija kukagua kituo hafikishwi huko. Ndiyo maana nashukuru kwamba kuna watu wanaokifikiria, na naomba nafasi niwaambie jambo moja kabla hawajamaliza pesa na akili zao.

Jambo lenyewe ni hili: wanapobuni kifaa cha vidonda, waanze na kile kinachoingia kwenye ndoo ya taka kila kidonda kinapofunguliwa. Mashine hununuliwa mara moja, watu wakapiga picha. Gozi (kile kitambaa cha pamba chenye matundu cha kufungia vidonda), sponji, plasta na mrija hutakiwa leo, keshokutwa na wiki ijayo, na mwenye kidonda kikubwa anaweza kuvihitaji kwa miezi. Hivyo ndivyo vinavyokwisha, na vikiisha mashine haina kazi.

Niseme kwanza habari ya gozi, maana nafikiri wengi hawajaona kinachotokea. Chukueni mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto pajani. Juzi alifungwa gozi kavu kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Leo majimaji ya kidonda yamelowa kwenye nyuzi yakakauka, na ngozi changa imeota ikapenya kwenye matundu ya kitambaa. Namwagia maji ya chumvi, nasubiri, namwagia tena. Mama yake amempakata, amemfunika macho kwa leso. Naanza na pembe moja, naiinua polepole, na pale penye waridi, penye uhai, utando mwembamba unainuka pamoja na gozi. Halafu damu inatoka, vitone vitone, mahali pote ulipokuwa utando ule. Kazi ambayo mwili wa mtoto umeifanya kwa siku mbili imebaki kwenye koleo langu. Akifungwa tena gozi kavu, tutarudia hayo hayo keshokutwa.

Hakuna sababu ya kitaalamu ya kuendelea hivi. Mwaka 1962 mtafiti wa Uingereza, George Winter, alionyesha kwa majaribio ya nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kisikauke huota ngozi kwa karibu mara mbili ya kasi ya kidonda kilichoachwa wazi kikafanya gaga. Hata kabla yake, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Auguste Lumière wa Lyon, yule ambaye pamoja na ndugu yake alileta sinema, alitengeneza kitambaa cha wavu kilichopakwa mafuta ili kisinate kwenye vidonda vya askari. Kitu hicho kina zaidi ya miaka 100. Ni wavu wa pamba na mafuta ya mgando, basi. Na bado kwenye vituo vingi vya vijijini na mipakani ni bidhaa ya bahati.

Wenzangu wengine wataniuliza kwa nini tusijitengenezee. Tunaweza kukata gozi, tukaipanga kwenye bati na kuipaka vaselini, lakini tatizo ni kuua vijidudu. Mtungi wetu wa mvuke unafika nyuzi joto 121 za Selsiasi, na kwa nguo na vyuma unatosha kabisa. Mafuta hayapitishi mvuke. Yanataka joto kavu, nyuzi 160 kwa muda wa saa mbili, na tanuri la namna hiyo vituo vya kawaida havina. Kwa hiyo kitambaa hiki lazima kitoke kiwandani, na hapa ndipo ninapotaka watu wa Wizara na wa viwanda wanisikilize. Nchi hii inalima pamba, kuanzia Kasese mpaka Lango na Teso, na sehemu kubwa ya pamba hiyo huondoka nchini ikiwa ghafi, haijasokotwa. Viwanda vya nguo tunavyo, Jinja na Kampala. Wakati huo huo mgonjwa wangu anatumwa duka la dawa kununua roli ya gozi iliyotoka ng'ambo, na kwa kuwa ameinunua kwa pesa yake, ananiomba nisimfungue mara kwa mara ili isiishe. Simlaumu. Vifaa vya serikali huja kwa mzunguko wa miezi miwili, na pikipiki hazianguki kwa mzunguko.

Wala si kwamba Waganda hatujui kutengeneza vitu vya kufyonza. Makerere walitengeneza MakaPads, taulo za hedhi za mafunjo na karatasi zilizokwisha kutumika, na wasichana wengi wamezitumia. Mafunjo hayo yanaota kwenye kila kinamasi. Aliyeweza kuyageuza yakafyonza damu ya hedhi bila kuvuja yuko karibu sana na pedi ya kidonda kinachotoa majimaji mengi, ikiwa atafanya kazi ya ziada ya kuua vijidudu na kuweka upande unaogusa kidonda usionata. Madaktari wa India nao wamewafunga wagonjwa wa moto kwa majani ya mgomba yaliyosafishwa na kuuliwa vijidudu, wakaona hayanati na maumivu ya kufungua ni madogo. Naomba nisieleweke vibaya: mtu asiende shambani kwake akachuma jani akamfunga mtoto. Nasema tu kwamba katika nchi inayokula matoke kila siku, kuna mwanafunzi wa uhandisi ambaye angeweza kuligeuza jani hilo kuwa bidhaa safi, iliyofungwa kwenye paketi, yenye tarehe.

Sasa kusafisha. Hapa nina shauku zaidi, kwa sababu kidonda kichafu hakiponi hata ukikifunga kwa hariri. Mtu wa boda anaanguka kwenye barabara ya murramu, mchanga na vipande vya suruali vinaingia ndani ya nyama. Kumimina maji kutoka kwenye kikombe hakutoshi, yanapita juu ya mchanga. Ukikandamiza sana unausukuma ndani na kuiumiza nyama nzima. Vitabu vyetu vinasema shinikizo linalofaa ni la karibu paundi 8 kwa inchi ya mraba, na kwamba bomba la sindano la mililita 35 lenye sindano namba 19 linalitoa. Vinasema pia utumie mililita 50 hadi 100 kwa kila sentimita ya urefu wa kidonda. Pigeni hesabu wenyewe. Mguu uliochubuka sentimita 15 unataka robo tatu ya lita hadi lita moja na nusu, nami nimeshika bomba la mililita 20 ambalo lazima nilijaze na kulisukuma tena na tena kwa dole gumba mpaka mkono unakufa ganzi. Muuguzi akichoka anaacha kabla kidonda hakijawa safi. Nimewaona wengi wakiacha, na ni wauguzi wazuri.

Halafu kuna mruko. Maji yakigonga kidonda kwa nguvu hurudi usoni, yakiwa na damu na usaha. Tunafanya kazi mahali penye virusi vya ukimwi na homa ya ini ya aina ya B, na miwani ya kinga haipatikani kila siku. Basi muuguzi hupunguza nguvu ya maji ili ajilinde, na mchanga unabaki.

Kifaa ninachokitamani ni chepesi kukieleza: kichwa kidogo cha plastiki kinachofungwa kwenye chupa ya kawaida ya maji, chenye tundu la kipimo sahihi, na ukingo wa mviringo unaofunika kidonda ili mruko uishie humo. Unaminya chupa kwa mkono, maji yanatoka kwa shinikizo lile lile kila mara, na chini kuna mfereji wa kuyapeleka kwenye karai. Vifaa vya namna hii vinauzwa katika nchi tajiri, vikiwa vya kutumia mara moja na kutupa. Sisi tunataka kinachoingia kwenye mtungi wa mvuke, nyuzi 121, mara nyingi bila kupinda wala kupasuka. Kama plastiki yenu haivumilii mvuke, wanangu, badilisheni plastiki kabla hamjabadilisha kitu kingine chochote.

Na maji yenyewe si lazima yawe ya gharama. Tafiti zilizolinganisha maji safi ya kunywa na maji ya chumvi ya hospitali hazikuona kwamba maji ya kunywa yanaongeza maambukizi. Maji ya kisima yakichemshwa yakapoa, yakatiwa gramu 9 za chumvi kwa kila lita, yanafaa sana. Kinachoumiza ni vile vitu watu wanavyoviamini kwa sababu vinawasha au vinatoa povu: spiriti, haidrojeni peroksaidi, Jik ya kufulia nguo. Vinaua vijidudu na kuua nyama changa pamoja. Nyumbani wanamimina unga wa kapsuli au wanapaka dawa ya meno, na mimi hutumia nusu ya asubuhi kukwangua ugumu huo kabla sijakiona kidonda chenyewe. Nawasihi wasomaji waache.

Nije kwenye mashine inayopendwa na wafadhili, ile ya kuvuta hewa. Sina ugomvi nayo. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Marekani, Argenta na Morykwas, walichapisha matokeo yao: unaweka sponji ndani ya kidonda, unaifunika kwa karatasi ya plastiki yenye gundi, unapitisha mrija, na pampu inavuta kwa nguvu ya milimita 125 za zebaki. Majimaji yanatoka, uvimbe unapungua, nyama nyekundu inajaa. Nimeona kwa macho yangu kijana aliyechunwa muundi na gurudumu la lori, mfupa ukionekana, akivutwa hivyo kwa wiki kadhaa hospitali ya juu mpaka akawa tayari kupandikizwa ngozi. Leo anatembea. Kwa hiyo naijua thamani yake.

Lakini nimeona pia, katika hospitali nyingine, mashine kama hiyo ikiwa imefunikwa shuka stoo. Haikuharibika. Sponji zake ziliisha, na kopo la kukusanyia majimaji lilikuwa la kampuni hiyo tu, halibadilishiki kwa chupa nyingine yoyote. Sponji hutakiwa kubadilishwa kila baada ya saa 48 hadi 72, basi fikirieni mgonjwa mmoja tu anakula ngapi kwa mwezi. Kuna sharti jingine ambalo wauzaji hulitaja kwa haraka: uvutaji ukisimama kwa zaidi ya saa mbili katika siku, unatakiwa kutoa sponji yote na kufunga kidonda upya, kwa sababu sponji lililolowa, lisilovutwa, ni shamba la vijidudu. Mahali ambapo umeme unaweza kukatika baada ya chakula cha mchana na kurudi usiku, sharti hilo peke yake linaimaliza mashine isiyo na betri nzuri.

Mfano ninaoupenda ni wa Danielle Zurovcik, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani. Baada ya tetemeko la Haiti la mwaka 2010 alipeleka pampu ya plastiki yenye mikunjo kama ya kodiani, isiyotumia umeme: unaiminya, inajivuta yenyewe polepole, na mvuto unabaki kwenye kidonda. Iligharimu kama dola 3. Na kilichosumbua kuliko pampu yenyewe kilikuwa kufunga kidonda hewa isiingie. Pampu ya mkono haina nguvu ya kufidia hewa inayovuja pembeni kama ya umeme. Mtu yeyote aliyewahi kubandika plasta kwenye goti la mtu anayetoka jasho katika joto la Busia angewaambia hivyo bila maabara. Nywele, jasho, mkunjo wa kifundo cha mguu, vumbi lililobaki kwenye ngozi: hapo ndipo hewa inapopita. Ninyi mnaosoma uhandisi wa vifaa vya tiba pale Makerere na vyuo vingine, mkitaka kazi ambayo ulimwengu mzima unaihitaji, ichukueni hiyo. Tengenezeni gundi au ukanda unaoshika kwenye ngozi yenye jasho kwa siku tatu na kutoka bila kuchuna. Pampu zipo za kutosha.

Uganda isingepaswa kuwa nyuma katika habari hii. Daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo aliandika kuhusu vidonda vikubwa vya ngozi mwaka 1897, na ugonjwa wa donda la Buruli, unaokula ngozi, ulipata jina lake kwa eneo la Buruli, ambalo leo liko Nakasongola. Dawa yake imepatikana: rifampisini pamoja na klarithromisini, wiki 8, na wengi wanapona bila kukatwa nyama nyingi kama zamani. Lakini dawa ikishaua vijidudu, tundu linabaki. Linafungwa na kufunguliwa kwa muda mrefu, kwa gozi ile ile niliyoieleza. Vidonge vimesonga mbele, kitambaa kimebaki pale pale.

Kuhusu kisukari nitasema machache, ingawa wagonjwa wake wanaongezeka chumbani kwangu na wengine wanaishia kukatwa mguu. Kwa donda la unyayo, kifaa cha kwanza ni kiatu. Mzee asiyehisi miguu anakanyaga kidonda chake tangu alfajiri, halafu anakuja kwangu nimpe dawa. Waliowahudumia wagonjwa wa ukoma walilijua hili zamani: ondoa uzito kwenye kidonda, kitapona. Mafundi wetu wanaotengeneza viatu vya lugabire kwa tairi kuukuu wanaweza kufundishwa kutia soli laini yenye pengo mahali pa kidonda. Hilo linahitaji mtu wa kuwakutanisha na tabibu kwa mchana mmoja.

Ombi langu kwa Wizara ni dogo na linaandikika kwenye karatasi ya zabuni. Kila anayetaka kuuza au hata kutoa msaada wa kifaa cha vidonda aandike gharama ya kumhudumia mgonjwa mmoja kwa mwezi mmoja, vitu vyote vya kutupwa vikihesabiwa, na aseme vitapatikana wapi mwaka wa pili. Aandike kama kinaingia kwenye mtungi wa mvuke. Aandike kinafanya nini umeme ukikatika. Asiyeweza kujibu asituletee, hata kama ni bure, kwa sababu kitu cha bure kinachukua nafasi stoo na kuwapa wakubwa sababu ya kusema tulishapewa. Na kabla ya hayo yote, kitambaa chenye mafuta kisichonata kiwekwe kwenye orodha ya vifaa vinavyoletwa vituoni, kwa wingi kama tunavyoletewa glavu.

Kwa vijana: njooni. Leteni barua ya chuo kwa mganga mkuu wa kituo, vaeni viatu vya kufunika vidole, na mje asubuhi ya Jumatatu, maana ajali za mwisho wa wiki huja siku hiyo. Nitawapa glavu na bomba la mililita 20, mkajaribu kusafisha goti la mtu lenye mchanga. Msianze kuchora chochote kabla ya hapo. Leteni na mfano wa plastiki yenu, tuutie kwenye mtungi na nguo za siku hiyo, tuone unatoka na sura gani.

Wenu,
Sista wa chumba cha vidonda,
Busia, Uganda
(Jina limehifadhiwa)